Kilicho mtandaoni si cha baba yako

Leo nimekuja kugombana. Kuna sentensi imekuwa kama sala kwa wanaprogramu wa huku kwetu, kuanzia Kitale mpaka Bungoma: "Ah, hiyo niliitoa tu mtandaoni." Haisemwi kwa aibu. Husemwa na mtu aliyekunja nne, soda mkononi, kana kwamba mtandao ni mto Nzoia na kila mwenye mtungi anateka.

Msimbo una mwenyewe. (Nasema msimbo kwa sababu nikisema "kodi" kuna watakaodhani namzungumzia mwenye ploti, au KRA.) Yule aliyeuandika na kuuweka mahali ukauona hakukupa. Amekuonyesha. Ukitaka kuutia ndani ya programu unayomuuzia mtu unahitaji ruhusa yake, iwe ni ile aliyokwisha kuiandika kwenye leseni au ile utakayomwomba akakujibu. Huna ruhusa? Andika wako.

Najua tayari kuna mtu anacheka. "Nani atanifuata mpaka Chwele kunishtaki?" Subiri, tutafika huko.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaibishia bila kuifungua. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ilipitishwa mwaka 2001 na ikaanza kutumika Februari 2003. Ndani yake programu ya kompyuta imewekwa kapu moja na riwaya na mashairi: ni kazi ya maandishi. Haki inazaliwa siku kazi inapoandikwa. Huhitaji kusafiri hadi Nairobi kuisajili, wala huhitaji kuweka ile alama ya herufi ndani ya duara. Haki hiyo inadumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Na kwa kuwa Kenya imo katika Mkataba wa Berne tangu 1993, Mbrazili aliyeandika fanksheni akiwa kwao analindwa hapa Bungoma sawasawa na kijana wa Kimilili.

Sheria yenyewe si kichaa. Inataka kazi iwe imetolewa jasho la kutosha hadi ikawa na sura yake. Chukua mfano tunaoujua wote: nenosiri la kuomba malipo ya Lipa na M-Pesa kupitia Daraja. Unaunganisha namba ya biashara, ule ufunguo wanaokupa Safaricom, na tarehe na saa, kisha unageuza kwa Base64. Basi. Safaricom ndio walioamua iwe hivyo, na watu elfu moja wakiandika wataandika vilevile. Sina ugomvi na anayenakili mstari huo. Ugomvi wangu ni na anayechukua mafaili kumi na manne, anafuta jina la mwenyewe pale juu, kisha anaandika lake.

Hapa wanasheria wa kijiweni hunijia na hoja yao bora, na ni haki niijibu. Wanasema: mtu aliyejibu swali la mwenzake hadharani na kuweka msimbo ametoa ruhusa kwa vitendo. Kwa nini mwingine auweke kama hataki utumike? Na kweli, kifungu cha 33 cha sheria yetu kinakubali kwamba ruhusa ya kawaida, ile isiyompa mtu mmoja peke yake, yaweza kuwa ya maandishi, ya mdomo, au ikaeleweka kutokana na mwenendo wa mtu. Hapo wenye kusoma nusu ya sheria hushangilia. Lakini sentensi inaendelea! Ruhusa ya namna hiyo yaweza kuondolewa wakati wowote, isipokuwa ikiwa ilitolewa kwa mkataba. Yaani mfumo wa karo wa shule nzima unausimamisha juu ya neno ambalo mtu anaweza kulirudisha mdomoni asubuhi yoyote, na hata neno lenyewe hukulisikia, umelikisia tu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nimeusema mfumo wa karo kwa sababu ninao mmoja kichwani. Niliitwa katika shule moja ya kibinafsi kule Bungoma, siitaji, ambako malipo ya M-Pesa yalikuwa yanaingia mara mbili kwenye akaunti ya mwanafunzi. Mzazi analipa elfu kumi, mfumo unasoma elfu ishirini, mhasibu anashika kichwa. Nikafungua mafaili. Jina la mwanafunzi limehifadhiwa kwenye kitu kinachoitwa "aluno". Malipo yanaitwa "pagamento". Sasa niambieni, ni Mbukusu gani anayemwita mwanafunzi aluno?

Fundi aliyenitangulia alikuwa ametia sahihi mkataba unaosema kazi yote ni yake mwenyewe. Shule ikamlipa pesa ambazo zingenunua madawati. Tena ilikuwa imeziahidi shule nyingine mbili za dhehebu lake kuwa itawapa mfumo huohuo. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole sana, akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa ndiyo: "Fundi, hii mali ni yetu au si yetu?"

Nilikaa siku nzima kutafuta ulikotoka msimbo ule. Haikuwa kazi ngumu, maana ukitafuta majina ya Kireno yaliyokaa kwa mpangilio uleule unafika haraka. Vyanzo vilikuwa viwili. Mwenye kile cha kwanza nilimwandikia barua pepe, akanijibu baada ya siku mbili: tumieni, badilisheni, acheni jina langu pale juu, na msiniulize maswali ya msaada. Mistari mitatu! Mwenye kile cha pili niliandikia mara mbili nikangoja wiki tatu. Kimya. Asiyejibu hajakubali, kwa hiyo sehemu yake niliitoa na kuiandika upya kwa siku tatu, nikifuata mahitaji ya shule bila kuchungulia alivyofanya yeye. Siku hizo tatu shule ilizilipa mara ya pili. Huyo ndiye anayekufuata mpaka Chwele: mteja wako, akiwa na mkataba uliotia sahihi mwenyewe. Mbrazili hana haja ya kupanda ndege.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, jamani.

Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, na Kenya Seed ilianzia hapa Kitale mwaka 1956. Nenda duka lolote la pembejeo msimu wa kupanda ukamtazame mkulima wa ekari mbili. Anauchukua mfuko wa kilo mbili, anausoma mbele na nyuma, anatafuta kibandiko, anakikwangua, anatuma namba kwa simu ili ajue kama mbegu ni halali au ni mahindi ya kula yaliyopakwa rangi. Ndipo analipa. Mzee huyo hana digrii. Wewe uliyesoma miaka minne unapakua mfuko usio na lebo, hujui aliyeuzalisha, hujui masharti yake, na unaupanda katika shamba la mtu mwingine.

Sasa lile chimbo tunalochimba wote, Stack Overflow. Ajabu ni kwamba pale lebo ipo. Tangu tovuti ile ianze mwaka 2008, kila anayeandika jibu analitoa chini ya leseni ya Creative Commons, ile ya kumtaja mwandishi na kugawa kwa masharti yaleyale. Majibu ya kabla ya tarehe 8 Aprili 2011 yako chini ya toleo la 2.5, ya kuanzia hapo hadi 2 Mei 2018 chini ya 3.0, na ya baadaye chini ya 4.0. Maana yake kwa lugha ya nyumbani: mtaje aliyeandika, weka kiungo cha alikoandika, na ukiirekebisha kazi ile ukaitoa kwa watu, uitoe kwa leseni ileile. Sharti hilo la mwisho ndilo mwiba. Sacco inayokulipa utengeneze programu ya kwake pekee haitaki kusikia kwamba sehemu fulani lazima igawiwe kwa masharti ya mtu mwingine. Creative Commons wenyewe hushauri leseni zao zisitumike kwa programu za kompyuta. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 wenye tovuti walitaka kuhamishia msimbo kwenye leseni nyepesi ya MIT, wakapingwa, wakaliweka kando.

Lakini angalia hili, maana ndilo watu hawalijui. Aliyejibu bado ndiye mwenye hakimiliki. Leseni ya tovuti ni mlango mmoja tu, na yeye anaweza kukufungulia mwingine. Ukimwandikia ukamwambia, "Nataka kutumia jibu lako kwenye programu ya Sacco, na sitaweza kuigawa kwa leseni hiyo, je, unaniruhusu?" ana uwezo wote wa kusema ndiyo. Wengi hufurahi kuulizwa. Ni mara ngapi mtu wa Helsinki hupata barua kutoka Kitale ikimwambia jibu lake la miaka kumi iliyopita linahesabu maziwa ya ng'ombe?

Na hili si tatizo la Wakenya peke yao, nisije nikaambiwa najidharau. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, Sebastian Baltes na Stephan Diehl, walichapisha uchunguzi wao wa miradi iliyoko GitHub yenye msimbo kutoka Stack Overflow. Waliona kwamba isiyozidi asilimia 1.8 ya miradi hiyo iliutumia kwa namna inayopatana na leseni. Na theluthi mbili hivi ya wanaprogramu waliowauliza hawakujua kama leseni ipo! Dunia nzima inachota.

Faida ya kuandika ulikochukua si adabu tu. Mwaka 2010 Andreas Lundblad aliweka jibu dogo la Java linalogeuza idadi ya baiti kuwa maandishi yanayosomeka. Kipande kile kikanakiliwa katika maelfu ya miradi. Mwaka 2019 yeye mwenyewe akatangaza kwamba kina kosa: ukikipa baiti 999,999 kinakuandikia kilobaiti 1000.0 badala ya megabaiti 1.0. Akakirekebisha. Waliokuwa wameacha jina lake na kiungo waliweza kurudi na kuona. Waliofuta jina lake walibaki na kosa lake.

Nije kwenye jambo litakalowaudhi hata marafiki zangu. Kifungu cha 31 kinasema kwamba kazi iliyoagizwa na mtu, au iliyofanywa na mwajiriwa kazini, hakimiliki yake inahesabika kuwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Soma tena polepole. Ushirika wa maziwa wa Kitale ukikuagiza programu ya kupokea maziwa, na mkataba wenu haukusema lolote kuhusu hakimiliki, programu ile ni ya ushirika. Sasa wewe unaichukua, unabadilisha nembo, unapanda matatu kupitia Kiminini na Webuye, unaiuza kwa ushirika mwingine Bungoma. Umetumia msimbo wa nani? Wako? Hapana. Uliuandika, ndiyo, kwa vidole vyako, lakini ruhusa unaiomba Kitale kama mtu mwingine yeyote.

Najua wengi wetu tunaishi kwa kuuza kitu kimoja mara tano. Mimi pia siwezi kula kwa kuandika kila kitu upya. Dawa yake ni sentensi mbili ndani ya mkataba kabla ya kuanza: kwamba maktaba zangu za kawaida zinabaki zangu, na wewe mteja nakuruhusu kuzitumia bila mwisho ndani ya programu hii. Mteja huwa hakatai. Anachokataa ni kushtukizwa.

Na fikiria upande wa pili. Yule anayekupa msimbo kwa ukarimu mtandaoni huenda naye ameutoa kwa mwajiri wake. Ndiyo maana unapoomba ruhusa uliza maswali mawili, si moja: unaniruhusu? Na je, ni wako wa kuruhusu?

Wapo watakaoniambia, "Wewe unataka kuua ushirikiano. Programu huria zimejengwa kwa kugawana." Hapo ndipo wananishangaza kabisa, kwa sababu programu huria zimejengwa kwa ruhusa iliyoandikwa! Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakumpigia magoti mtu yeyote Marekani, kwa kuwa leseni ya OpenOffice.org ilikuwa imeshasema: chukua, badilisha, gawa, kwa masharti haya. Hata Ushahidi, iliyozaliwa Kenya katika machafuko ya mwanzoni mwa 2008, iliweza kutumika Haiti baada ya tetemeko la 2010 kwa sababu msimbo wake ulitolewa huria.

Karibu zaidi na nyumbani, kuna OpenMRS. Ni programu ya kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na Partners In Health, na mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret chini ya AMPATH, ambayo kliniki zake zimefika mpaka Kitale na Webuye. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake. Leseni yake leo ni ile ya Mozilla, toleo la 2.0: unaweza kuijengea vyako na kuviuza, ila faili lake ukilibadilisha na kuligawa, mabadiliko ya faili hilo unayatoa kwa leseni ileile. Kila mtu anajua alipo. Muuguzi wa Webuye halali akiwaza kwamba kesho fulani ataamka na kuondoa ruhusa yake. Hebu jaribu kujenga kitu kama hicho juu ya "niliitoa tu mtandaoni".

Kwa hiyo lawama nyingine naigeuzia wale wanaoweka msimbo bila leseni. Ndugu yangu wa Bungoma mwenye maktaba nzuri ya kutuma SMS kwenye GitHub na huna faili la leseni, wewe hukutusaidia. Masharti ya GitHub yanaturuhusu kuutazama na kujitengenezea nakala humohumo ndani ya GitHub, hayatupi zaidi. Umeweka maembe barabarani na kibao kisichosema kama ni ya kuuza au ya bure, halafu unalalamika kwamba watu wameyala. Leseni ya MIT haifiki maneno 200. Inakuchukua muda mfupi kuliko kuwasha jiko.

Kuomba nako si kazi ya wakili. Sema wewe ni nani na programu yako ni ya nini. Weka kiungo cha msimbo wenyewe, si "ile fanksheni yako". Sema waziwazi kwamba utaiuza, kama utaiuza, maana ruhusa uliyoipata kwa kumficha mtu jambo haina thamani. Uliza kama unaweza kubadilisha, kugawa na kuuza, kama kazi ni yake, na angependa kutajwa vipi. Jibu likija lihifadhi ndani ya mradi, pamoja na tarehe, si kwenye simu ambayo wiki ijayo itaibwa ndani ya matatu. Jibu lisipokuja, andika wako.

"Mimi siku hizi simwombi mtu, AI inaniandikia." Haya. Na yenyewe ilijifunzia wapi? Novemba 2022 wanaprogramu kadhaa waliishtaki GitHub, pamoja na Microsoft na OpenAI, huko San Francisco, wakilalamika kwamba Copilot inatoa msimbo wao bila majina yao wala leseni zao. Sitaki kuwahukumia kesi yao hapa. Ninalosema ni kwamba mashine ikikutolea mistari themanini mizuri yenye maelezo ya Kireno, unajua la kufanya: itafute kwanza kabla ya kuitia kwenye programu ya mwalimu mkuu wa watu.

Mimi kila mkataba wangu sasa una ukurasa wa mwisho wenye orodha: kila kipande nisichokiandika, jina la aliyekiandika, nilikokitoa, na leseni au barua ya ruhusa. Wa juzi, wa duka la pembejeo hapa Kitale, ulikuwa na majina kumi na moja. Mwenye duka aliusoma wote kwa kidole, akaniuliza hao wazungu wanadai ngapi, nikamwambia hakuna anayedai kitu, wanataka majina yao tu yasifutwe. Akatia sahihi.